Kibarua ni barua ndogo: barua ya wazi kwa waliokabidhiwa historia yetu

KWA: Waheshimiwa mliokabidhiwa makumbusho, kumbukumbu za serikali na mitaala ya historia nchini Kenya

YAH: HISTORIA YA WAFANYAKAZI ILIYOACHWA NJE

Waheshimiwa,

Hii ni barua yangu ya nne kuhusu jambo hili, na ndiyo ya kwanza kusomwa na watu wengine. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri. Ya pili niliitia posta. Ya tatu ilijibiwa kwa mdomo na karani mmoja mpole aliyenikalisha, akanipa maji, kisha akaniambia, "Mwalimu, mambo haya ya migomo yana wenyewe. Labda uwaone watu wa vyama." Ofisi hiyo sitaitaja. Karani alikuwa kazini, na kwa jinsi siku hizi watu wanavyoajiriwa, pengine naye ni kibarua wa miezi mitatu mitatu.

Lakini neno lile, "yana wenyewe," nimelibeba mpaka nyumbani, na limekataa kutua.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na ni binti wa kuli. Baba yangu alipakua meli Kilindini kwa ujira wa kutwa. Alfajiri alikwenda asijue kama atachukuliwa. Jioni alirudi na pesa, au alirudi na kimya. Watu wa namna yake waliitwa vibarua, na neno lenyewe ni historia tosha: kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku moja ili baadaye kimshuhudie kwamba alifanya kazi na anadai ujira wake. Karatasi ikawa jina la kazi, kisha ikawa jina la mtu. Nami leo nawaandikia barua kubwa kwa niaba ya zile ndogo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Reli inakumbukwa kwa simba, waliokufa wakiijenga hawakumbukwi.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na ukafika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba, na 2,493 kati yao walikufa. Hesabu hiyo ni ya wenye reli wenyewe. Waafrika waliofyeka njia na kubeba mizigo hawamo ndani yake. Sasa muulizeni mtoto yeyote wa shule habari za reli. Atawaambia simba wa Tsavo waliowala wajenzi. Simba wale wawili wana makao yao ndani ya makumbusho ya Chicago, ngozi zimejazwa, wamesimamishwa, watu wanalipa kiingilio kuwaona. Wanyama wawili wamehifadhiwa kuliko watu elfu mbili na mia nne tisini na watatu. Sisemi simba waondolewe kwenye hadithi, mimi mwenyewe darasani nilikuwa nikianza nao kwa sababu hakuna njia bora ya kuamsha watoto baada ya chakula cha mchana. Nauliza tu baada ya simba, nani anafuata.

2. Wapagazi wa vita wamebaki kuwa jina la soko.

Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zimetokana na jina la kikosi kilekile, Carrier Corps, wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliokufa kwa homa, kuhara na njaa walikuwa wengi mno kuliko waliokufa kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waliowasahau ndio wametangulia kukiri. Kwetu sisi, ambao ni wajukuu wao, sijasikia hata samahani. Tunakwenda Kariokor kununua vyondo na kurudi.

3. Mwaka 1922 umebaki na jina la mtu mmoja.

Harry Thuku, aliyewatetea Waafrika dhidi ya wakoloni, alikuwa mfanyakazi wa simu katika ofisi ya hazina. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi walikuwa kwa sehemu kubwa wafanyakazi walioacha kazi zao: madereva, wapishi, matarishi, watumishi wa nyumbani. Mwaka uliotangulia walowezi walikuwa wameamua kukata mishahara kwa theluthi moja, kodi ilikuwa imepanda, na kipande, cheti cha kazi cha lazima kwa Mwafrika, kilikuwa shingoni. Mary Muthoni Nyanjiru ndiye aliyewatia hamasa wanaume waliokuwa wameanza kurudi nyuma, na ni miongoni mwa wa mwanzo kupigwa risasi. Serikali ilitangaza waliokufa ni 21. Waliokuwapo walihesabu zaidi.

Barabara ina jina la Thuku, na anastahili. Lakini ule ulikuwa mgomo, waheshimiwa, na vitabu tulivyofundishia viliuita ghasia.

4. Mombasa, Januari 1947.

Hapa mniwie radhi nikikaa kidogo, maana hapa ndipo nilipozaliwa na hapa ndipo penye kidonda changu.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 walisimamisha mji kwa siku 12. Haikuwa bandari peke yake. Reli ilisimama, mahoteli yalisimama, na mabibi wa kizungu walijikuta jikoni wakitafuta chumvi iliko. Ule haukuwa mgomo wa kwanza: mwaka 1939, Julai na Agosti, makuli na vibarua wa serikali walikwisha kugoma, tume ikaundwa, ikaandika kwamba nyumba ni mbovu na ujira hautoshi, kisha vita vikaja na ripoti ikalala. Bei zikapanda miaka yote ya vita. Watu walipochoka kusubiri tume nyingine, waligoma.

Walikutana kila siku uwanja wa Majengo ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Tafadhali lisomeni jina hilo mara mbili. Hakuna aliyewapangia ukumbi. Walikuwa Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara, Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Wamijikenda, na walikaa chini pamoja wakaamua pamoja, miaka kumi na sita kabla ya bendera yetu kupandishwa. Hapo ndipo palipozaliwa chama chao, African Workers Federation, kikiongozwa na Chege Kibachia, kijana aliyetoka Kiambu kuja kutafuta kazi pwani.

Walidai nini? Ujira wa kumtosha mtu mwenye familia. Malipo sawa kwa kazi sawa bila kujali rangi. Posho ya nyumba. Na jambo moja ambalo wenye kuandika muhtasari hulipitia mbio: heshima. Baba yangu, ambaye hakuwa msemaji, alilieleza hivi: "Njaa tulikuwa tumeizoea. Tuligoma kwa kuitwa boi mbele ya watoto wetu." Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuwa na mtoto hata mmoja, nami nilipomkumbusha hilo alicheka, akasema alikuwa akiwasemea wenzake.

Walirudi kazini baada ya Eliud Mathu, Mwafrika aliyekuwa katika Baraza la Kutunga Sheria, kuja kuzungumza nao, na serikali kuahidi baraza la kusikiliza madai yao. Nyongeza ilipatikana, ingawa si kwa wote na si ya kutosha. Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Baringo, akakaa huko miaka kumi. Mwezi uliofuata, Septemba, polisi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha nyama cha Uplands, watatu wakafa. Septemba hiyohiyo makuli wa Dar es Salaam waligoma na mgomo ukapanda na reli hadi bara; mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar. Wimbi moja katika pwani moja. Katika miaka 31 ya kufundisha, sikuwahi kusahihisha mtihani uliomtaka mwanafunzi aeleze kwa nini.

5. Mei Mosi bila Mei Mosi.

Kila mwaka tarehe 1 Mei viongozi hupanda jukwaani, bendi hupigwa, nyongeza ya kima cha chini hutangazwa au haitangazwi. Sijasikia kutoka jukwaa hilo mtu akisema kwamba tarehe hiyohiyo mwaka 1949 ndipo lilipoundwa shirikisho la kwanza la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Singh, mtoto wa fundi, aliyekuja Kenya kutoka Punjab mwaka 1927, alikuwa ameongoza mgomo wa siku 62 mjini Nairobi mwaka 1937. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama akatoa hoja ya uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti vya kuongezwa barazani. Mwezi uliofuata yeye na Kubai walikamatwa, na Nairobi ikagoma. Singh aliachiliwa Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja kizuizini.

Tom Mboya naye ana sanamu katikati ya Nairobi, na nafurahi kila nikipita hapo. Lakini watoto wanamjua kama waziri aliyeuawa. Mgomo wa bandari wa mwaka 1955, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ambapo kijana wa miaka ishirini na minne alikuja hapa akakaa baina ya makuli na waajiri mpaka ujira ukapanda kwa takriban theluthi moja, huo unahesabiwa kama utangulizi wa maisha yake. Kwa wale makuli haukuwa utangulizi wa kitu chochote, yalikuwa ndiyo maisha.

6. Darasani.

Nitakuwa mkweli kwa sababu nilikuwa mmoja wenu. Mada ya vyama vya wafanyakazi imekuwamo kwenye silabasi ya sekondari, na nimeifundisha. Ilifundishwa hivi: taja mambo matano yaliyochangia kukua kwa vyama, taja matatizo matano yaliyovikabili. Mwanafunzi anakariri kumi, anapata kumi, anasahau kumi. Hajawahi kushika mkononi tangazo la mgomo, wala kusoma ushahidi wa kuli mbele ya tume, wala kuambiwa amwulize bibi yake. Wengi wa watoto hao ni watoto wa vibarua.

Najua mtakayonijibu, kwa kuwa mengine nimekwisha kujibiwa.

Mtasema majina hayapo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande: jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake, ujira wake, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa, vyote ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Nakala zilibaki serikalini. Dola iliyomjua kuli mpaka ncha ya kidole chake haiwezi kutuachia urithi wa kusema kuli hajulikani. Kama daftari zile zilichomwa, tuambieni zilichomwa lini na kwa amri ya nani. Kama zipo, ziko chumba gani?

Mtasema mafaili mengine yalipelekwa Uingereza. Ni kweli. Mwaka 2011 ilibainika kwamba maelfu ya mafaili ya makoloni yalikuwa yamefichwa katika kituo cha serikali ya Uingereza kiitwacho Hanslope Park, na mafaili ya Kenya yalikuwamo. Yalibainika kwa sababu wazee wa Mau Mau, walioteswa kizuizini, waliwashtaki Waingereza na kukataa kuambiwa hakuna kitu. Mwaka 2013 wazee 5,228 walilipwa fidia. Waliodai ni wakulima na vibarua wenye miaka themanini. Ofisi yenye bajeti, magari na wanasheria haiwezi kusema safari ni ndefu.

Mtasema fedha hamna. Simu niliyonayo mkononi inarekodi sauti. Vijana wa vyuo wanaotafuta mafunzo ya kazi wamejaa mji mzima, na wengi wangefanya kazi hii kwa nauli. Ninachoomba kwanza si jengo.

Mtasema, au mtafikiri bila kusema, kwamba kuwafundisha watoto habari za migomo ni kuwafundisha kugoma. Hapo sitawabishia sana. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Itakuwa ajabu kumpa mtu haki kisha kumficha ilikotoka. Wauguzi, walimu na madaktari wetu wanapogoma, huulizwa redioni wamejifunza wapi ukaidi huu. Jibu liko Majengo.

Na wapo watakaosema vyama vyenyewe ndivyo vitunze historia yao. Vyama vina lawama yao, nakubali, na tangu mwaka 1965 mashirikisho yalipovunjwa na kuunganishwa kuwa moja chini ya macho ya serikali, viongozi wengi wamejifunza kukumbuka kidogo na kushukuru sana. Hata hivyo mgomo wa 1947 haukuwa wa wanachama. Wengi wa waliogoma hawakuwa na kadi ya chama chochote. Kumpeleka binti wa kibarua kwa "watu wa vyama" ni kumwambia baba yake hakuwa raia, alikuwa mwanachama tu, na hata hilo hakuwa.

Naomba haya.

Kwanza kabisa, na haraka: rekodini wazee. Aliyekuwa na miaka kumi na tano wakati wa mgomo wa 1947, kama yu hai, ameshapita tisini. Baba yangu amekwisha kwenda. Nilikuwa na kinasa sauti nyumbani miaka yote ile, nikikitumia kurekodi taarabu kutoka redioni, na sikuwahi kukielekeza kwake hata jioni moja. Kosa hilo ni langu, si lenu, na sitaki lirudiwe na taifa zima. Anzeni Mombasa, muende Kericho kwenye majani chai, Thika kwenye mkonge, Kiambu kwenye kahawa ambako wachumaji wengi walikuwa wanawake na watoto. Msisubiri kamati.

Pili, tangazeni orodha ya mafaili yote ya migomo, mabaraza ya usuluhishi na usajili wa vipande mliyonayo, kuanzia mwaka 1919 hadi 1963. Orodha tu, si mafaili yenyewe. Tukijua kilichopo tutajua cha kuomba, na tutajua pia kilichopotea.

Tatu, Kiwanja cha Maskini kiwekewe alama yenye maandishi ya Kiswahili, na maandishi hayo yaandikwe pamoja na watu wa Majengo, si na kampuni ya matangazo. Kibao cha bati kinatosha. Mawe ya nakshi mwekeeni anayeyahitaji.

Nne, wapeni walimu nyaraka za kufundishia. Ukurasa mmoja wa ushahidi wa kuli mbele ya tume ya 1939 unamfaa mwanafunzi kuliko hoja kumi za kukariri. Nipo tayari kuchambua, kutafsiri na kupiga chapa bila malipo, na nawajua walimu wastaafu wengine watatu ambao kazi yao kwa sasa ni kugombana na wajukuu.

Tano, siku ya Mashujaa, watajwe watatu wa Uplands na waliokufa mwaka 1922, kwa majina pale yanapojulikana na kwa idadi pale yasipojulikana.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la namna hiyo ndani ya siku 21. Kwa hiyo ombi langu la pili, lile la orodha, nimelipeleka tena leo asubuhi kwa maandishi, likiwa peke yake, kwenye karatasi moja, likitaja sheria hiyo. Karani yuleyule mpole ndiye aliyelipokea. Amegonga muhuri, akanirudishia nakala, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninajua pa kutazama habari za babu yake aliyekuwa Kariokor.

Nimemwambia nitamtafutia. Ninyi nawasubiri mpaka siku ya ishirini na moja.

Wenu kwa heshima,

Binti wa kibarua,
mwalimu mstaafu wa historia,
Mombasa

Nakala: kwa kila aliye na kipande cha babu yake ndani ya sanduku na hajui afanye nacho nini.